Swichi ya Boya Nyuma ya Pua: Hotuba kwa Wakunga, Wauguzi na Matabibu

Ndugu wakunga, wauguzi na matabibu, pamoja na nyinyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, habari za asubuhi.

Chukueni punje moja ya dengu, muiweke kiganjani. Tezi ya pituitari ya mtu mzima ina ukubwa wa namna hiyo, na uzito wake ni kama nusu gramu. Imekaa nyuma kabisa ya mzizi wa pua, ndani ya kijishimo cha mfupa wa kitako cha fuvu kilichochongeka kama tandiko la farasi. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anayetaka kuifikia kwa kawaida hapasui fuvu, hupita puani. Waganga wa kale wa Ulaya walidhani kazi yake ni kuchuja makamasi ya ubongo yashuke puani, na jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya makamasi. Dhana ilikufa, jina likabaki.

Tumeombwa tuzungumzie homoni za tezi hii na kazi zake mwilini. Tutazungumza tukiwa tumesimama mahali mnaposimama nyinyi kila siku, yaani wodi ya wazazi na chumba cha wagonjwa wa nje. Pituitari ikiugua, mgonjwa haji akasema anaumwa pituitari. Anakuja hana hedhi, au hana maziwa, au hana nguvu za kubeba ndoo, au analetwa amezimia na sukari imeshuka. Ugonjwa uko kichwani, malalamiko yako mwili mzima. Anayejua mpangilio wa tezi hii huiona mapema. Asiyeujua atatibu kila lalamiko peke yake, mwaka hadi mwaka.

Mpangilio wenyewe mnaujua tayari, maana uko juu ya mapaa yenu. Nyumba yenye kisima ina tangi juu, pampu chini, na ndani ya tangi kuna swichi ya boya. Maji yakipungua, boya linashuka, swichi inapeleka umeme, pampu inafanya kazi. Tangi likijaa, boya linapanda, umeme unakatika. Sasa tezi ya thairoidi iliyoko shingoni ni pampu, homoni yake ya thairoksini iliyomo kwenye damu ni maji, na pituitari ndiyo swichi ya boya. Umeme inaoupeleka ni homoni ambayo maabara huiandika TSH. Thairoksini ikipungua, TSH hupanda. Ikizidi, TSH hushuka. Juu ya pituitari kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na hiyo ndiyo inayoiamuru swichi yenyewe kupitia vimishipa vya damu vilivyomo kwenye kikonyo kinachoziunganisha.

Ukilishika hilo la boya, umeshika nusu ya elimu ya pituitari. Tangi likiwa tupu na umeme unakwenda kwa nguvu zote, pampu ndiyo mbovu. Tangi likiwa tupu na umeme hauendi, swichi ndiyo mbovu. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili kwa kuchungulia tangi peke yake, wala kwa kupima umeme peke yake. Tutarudi hapa, kwa sababu makosa mengi ya vipimo yanaanzia hapa.

Tezi ina sehemu mbili zenye tabia tofauti. Sehemu ya mbele inatengeneza homoni zake yenyewe, na zile kuu ni sita. TSH tumeitaja. ACTH huziamuru tezi za adrenali, zile mbili zilizokaa juu ya figo, zitoe kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu na sukari mtu anapokuwa na njaa, homa au jeraha. FSH na LH huendesha ovari na korodani. Kwa mwanamke FSH hukuza vifuko vya mayai, kisha LH hupanda ghafla katikati ya mzunguko, na yai hutoka saa 36 hivi baada ya mpando huo kuanza. Kwa mwanamume LH huamuru korodani zitoe testosteroni, na FSH husaidia mbegu kukomaa. Prolaktini hutengeneza maziwa. Ya sita ni homoni ya ukuaji. Sehemu ya nyuma haitengenezi kitu. Ni ghala. Homoni zake mbili, oksitosini na ile ya kuzuia maji iitwayo vasopresini, hutengenezwa na haipothalamasi, zikateremka ndani ya nyuzi za neva mpaka ghalani, zikangoja kuitwa.

Tuanze na hilo ghala, kwa sababu oksitosini mnaishika mikononi kila zamu.

Kichwa cha mtoto kinapobana mlango wa kizazi, neva hupeleka habari juu, ghala linatoa oksitosini, kizazi kinakaza, kichwa kinabana zaidi, oksitosini inatoka zaidi. Hapa hakuna boya la kukata umeme. Mzunguko huu hukatika mtoto akitoka. Mwaka 1906 Henry Dale wa Uingereza aliona kuwa maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ya nyuma ya pituitari hukaza kizazi, na mwaka 1953 Vincent du Vigneaud wa Marekani akaiunda oksitosini maabara, akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1955. Ampuli mliyo nayo kwenye trei ni mjukuu wa kazi hiyo.

Mtoto akishatoka, na ukishapapasa tumbo ukahakikisha hakuna pacha, mpe mama oksitosini yuniti 10 kwenye msuli, ndani ya dakika moja, ili kizazi kikaze na damu isimwagike. Usimpige mama yuniti hizo 10 kwa mkupuo wa haraka kwenye mshipa, maana oksitosini hulegeza mishipa ya damu na shinikizo linaweza kuanguka papo hapo. Na ampuli hizo zikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8, zisigande. Oksitosini iliyopigwa joto haibadiliki rangi wala harufu. Unaivuta kwenye sindano ikiwa angavu vilevile, unaichoma, na kizazi kinabaki kimelegea kama mfuko mtupu. Mkunga anajilaumu mikono yake, kumbe dawa ilikufa dirishani wiki mbili zilizopita. Kama kituo kina jokofu moja tu nalo ni la chanjo, nafasi ya oksitosini ni humo humo. Pale ambapo baridi haipatikani kwa uhakika, ipo dawa nyingine ya kukaza kizazi, kabetosini isiyoharibiwa na joto, mikrogramu 100, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika mapendekezo yake mwaka 2018.

Kuna jambo moja la kemia ambalo lina faida wodini. Oksitosini na vasopresini ni ndugu wa damu: kila moja ina viungo tisa vya asidi amino, na zinatofautiana viungo viwili tu. Kwa hiyo oksitosini nyingi huanza kufanya kazi ya ndugu yake, yaani kuziambia figo zisiachie maji. Mama akiwekewa oksitosini kwa saa nyingi ndani ya dripu za maji ya glukosi matupu, maji yanajaa mwilini, sodiamu ya damu inashuka, na anaweza kuanza kuchanganyikiwa kisha akapata degedege. Mtu atasema kifafa cha mimba, huku shinikizo lake ni la kawaida. Chanzo ni dripu. Tumieni maji ya chumvi au Ringer, na andikeni jumla ya maji yaliyoingia na mkojo uliotoka.

Maziwa yanahitaji sehemu zote mbili za tezi. Prolaktini ya mbele huyatengeneza, oksitosini ya nyuma huyasukuma yatoke. Mtoto akinyonya, oksitosini hutoka ndani ya dakika moja hivi, na kwa mama aliyezoea hata sauti ya mtoto akilia chumba cha pili inatosha kulowanisha kanga. Hofu na maumivu hulifunga ghala. Mama anayefokewa wodini kwamba hana maziwa mara nyingi anayo, ila hayasukumwi. Prolaktini nayo ina tabia ya pekee. Homoni nyingine za mbele huamriwa zitoke, lakini hii haipothalamasi huizuia kwa dopamini muda wote, kama mtu aliyebana mpira wa maji kwa vidole. Ukilegeza vidole, maji yanatoka. Dawa yoyote inayozuia dopamini itaipandisha prolaktini, na nyingine mnazitoa kila siku: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, halopiridoli na klopromazini za magonjwa ya akili.

Wakati wa ujauzito kondo huzuia maziwa yasitoke kwa homoni yake ya projesteroni. Kondo likitoka, projesteroni inaanguka, na maziwa hujaa siku ya pili hadi ya nne. Basi mama akifika siku ya nne matiti bado laini, mtoto anashikishwa vizuri na ananyonya mara nyingi, jiulizeni mambo mawili. Je, kuna kipande cha kondo kilichobaki? Na je, alipoteza damu kiasi gani?

Swali hili la pili ndilo hasa lililotuleta hapa.

Katika ujauzito pituitari huvimba kwa theluthi moja au zaidi, kwa sababu seli za prolaktini zinaongezeka zikijiandaa kwa maziwa. Imekuwa kubwa, inahitaji damu nyingi, na iko ndani ya shimo la mfupa lisilopanuka. Zaidi ya hapo, sehemu ya mbele hupata sehemu kubwa ya damu yake kupitia vile vimishipa vya kwenye kikonyo, damu iliyokwisha kupita kwenye haipothalamasi na ambayo msukumo wake ni mdogo. Sasa mama akatokwa na damu, shinikizo likashuka na kubaki chini. Figo zinaweza kupona, ubongo ukapona, lakini sehemu ya mbele ya pituitari inaweza kufa. Ile ya nyuma ina mishipa yake yenye msukumo, kwa hiyo mara nyingi inasalimika. Mwanapatholojia Mwingereza Harold Sheehan alieleza kufa huku kwa tezi baada ya kuzaa mwaka 1937, na ugonjwa unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Katika nchi ambazo damu ya kuongezewa inapatikana kwa dakika chache, ugonjwa wa Sheehan umekuwa nadra. Kwetu, ambako mama anaweza kuanza kutokwa na damu zahanati na damu ya kuongezewa iko wilayani, hatuna haki ya kuusahau.

Kinga yake ni ileile inayookoa uhai. Jicho la mtu hukadiria damu pungufu, hasa iliyonyonywa na kanga na pamba. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, uliweka chini ya mama mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, na damu ikifika kiwango, matibabu yote yakaanza pamoja: kukanda kizazi, oksitosini, asidi traneksamiki (dawa ya kupunguza kutokwa na damu) gramu 1 kwenye mshipa, maji ya dripu, na uchunguzi wa njia ya uzazi kutafuta mchaniko au kondo lililobaki, na kuita msaada pale damu isipokoma. Matukio ya damu nyingi sana, upasuaji au kifo kutokana nayo yalikuwa asilimia 1.6 katika hospitali zilizofanya hivyo, dhidi ya asilimia 4.3 katika zile zilizoendelea na utaratibu wa kawaida. Hakuna mashine ya bei kubwa hapo. Kila dakika ambayo shinikizo linabaki chini, tezi ya nyuma ya pua inakosa damu.

Na kama tezi imekwisha kufa, mama mwenyewe hajui. Ameokoka, watu wamemwambia amshukuru Mungu, amerudi nyumbani. Maziwa hayaji. Miezi inapita, hedhi hairudi, na kwa kuwa hanyonyeshi hakuna sababu ya hedhi kuchelewa. Kuna ishara moja ambayo mkunga makini huipata kwa kuuliza tu: nywele za sehemu za siri zilizonyolewa kabla ya kujifungua hazikuota tena. Za kwapani nazo zinapukutika. Ngozi inakuwa laini, yenye mikunjo midogo pembeni ya macho, na rangi inapauka, hata weusi wa chuchu unafifia, kwa sababu ACTH inayochangia kuipa ngozi rangi imekosekana. Linganisheni na mgonjwa ambaye adrenali zenyewe ndizo zimekufa, kwa kifua kikuu kwa mfano. Huyo pituitari yake inapiga kelele, ACTH imejaa, na mistari ya viganja na fizi vinakuwa vyeusi. Wote wawili wamechoka, wote shinikizo liko chini, lakini mmoja anapauka na mwingine anakolea. Fungueni kiganja, inueni mdomo, tazameni fizi.

Baadaye huja baridi isiyoisha, kufunga choo, kusahau, kizunguzungu akisimama. Akipata homa ndogo au kuhara siku mbili, anaanguka, sukari iko chini, sodiamu iko chini. Ni rahisi sana kumwita mwenye malaria, au mwenye upungufu wa damu, au mwenye msongo wa mawazo. Kati ya kujifungua na kutambuliwa inaweza kupita miaka kadhaa, hata kumi na zaidi. Maswali matatu yangeukata muda huo: Katika uzazi wa mwisho ulitokwa na damu nyingi? Maziwa yalitoka? Hedhi ilirudi? Hayagharimu hata senti moja.

Turudi sasa kwenye swichi ya boya, tupime damu yake. Tuchukue mfano. Mama anashukiwa upungufu wa thairoidi, karatasi ya maabara inarudi na TSH ya 1.8, na pembeni imeandikwa kawaida ni 0.4 hadi 4.0. Mtu anafunga faili: thairoidi nzima. Lakini hakuna aliyepima thairoksini. Ikipimwa thairoksini huru, yaani ile isiyoshikwa na protini za damu, inakutwa pikomoli 6 kwa lita pale ambapo inatakiwa walau 10 au 12. Tangi ni tupu, na TSH ya 1.8 ambayo kwa mtu mzima wa afya ingekuwa nzuri, kwa huyu ni aibu, kwa sababu swichi nzima ingekuwa inapeleka 20, 50, au 100. Kipimo cha kawaida mahali ambapo hakikutakiwa kuwa cha kawaida ndicho ugonjwa wenyewe. Vivyo hivyo mwanamke wa miaka 52 aliyekoma hedhi anatakiwa awe na FSH ya juu. Ikiwa chini, hapo pana jambo.

Kotisoli hupimwa asubuhi, saa mbili hivi, kwa sababu hupanda alfajiri na kuwa chini kabisa katikati ya usiku. Damu iliyochukuliwa saa kumi jioni haitakuambia kitu. Kwa vipimo vya nanomoli kwa lita, chini ya 100 asubuhi inaelekeza kwenye upungufu, juu ya 400 hadi 500 kwa kawaida inauondoa, na katikati yake huhitaji kipimo cha kuchochea: ACTH ya kutengenezwa mikrogramu 250, kotisoli ikapimwa baada ya dakika 30 na 60. Lakini mkikumbuke kipimo hicho kwa udhaifu wake. Tezi za adrenali hazinywei mara moja, kwa hiyo wiki chache za mwanzo baada ya pituitari kufa bado zinaweza kuitika, na majibu yakaonekana mazuri.

Na sasa nawaomba muandike. Mgonjwa aliyekosa kotisoli na thairoksini kwa pamoja huanzishiwa kotisoli kwanza, ndipo thairoksini. Thairoksini huongeza kasi ya mwili na huharakisha kotisoli iliyobaki kuvunjwa na ini. Ukianza na thairoksini, ile akiba ndogo iliyokuwa inamshikilia inakwisha, na anaweza kuanguka kwa mshtuko ndani ya siku chache. Mtu atalaumu maradhi, kumbe ni mpangilio wa vidonge. Haidrokotisoni, yaani kotisoli yenyewe ikiwa dawa, kwa kawaida ni miligramu 15 hadi 20 kwa siku, kwa mfano 10 akiamka, 5 mchana, 5 alasiri, isiwe usiku maana itamnyima usingizi. Isipopatikana, prednisoloni miligramu 3 hadi 5 asubuhi. Siku chache baadaye thairoksini huanza, na kipimo cha kuifuatilia kwa mgonjwa huyu ni thairoksini huru. TSH yake haina maana tena, swichi imekufa. Anayepunguza dozi kwa kuwa TSH iko chini anamrudisha mgonjwa alikotoka. Na asubuhi akianza haidrokotisoni, angalieni mkojo wake. Kotisoli huwezesha figo kuachia maji, hivyo upungufu wa vasopresini uliokuwa umejificha huweza kujitokeza, akaanza kukojoa lita nyingi.

Mgonjwa huyu afundishwe mbele ya ndugu anayeishi naye. Homa, anameza mara mbili au tatu ya dozi mpaka ipone. Akitapika vidonge, hangoji: ni sindano ya haidrokotisoni miligramu 100 kwenye msuli au mshipa, dripu ya maji ya chumvi, sukari ipimwe, kisha miligramu 50 kila saa sita. Sindano itangulie majibu ya maabara. Ikiwezekana chukua damu kwanza, lakini usichelewe kwa ajili ya chupa.

Kuna watu ambao pituitari zao zimelazwa usingizi na dawa, nao ni wengi kuliko wote tuliowataja. Prednisoloni, deksamethasoni na ndugu zao ni kotisoli za kutengenezwa. Boya haliulizi maji yametoka wapi. Likiona tangi limejaa, linakata umeme. Mtu akitumia prednisoloni ya miligramu 5 au zaidi kila siku kwa wiki zaidi ya tatu au nne, ACTH inazimwa, adrenali zinasinyaa. Akiacha ghafla kwa sababu vidonge vimeisha, ni kama kukatiwa maji ukiwa na pampu iliyoshika kutu. Kuamka kwake huchukua wiki, wakati mwingine miezi. Mnaowapa wagonjwa wa pumu au baridi yabisi dawa hizi, muwape na tarehe za kupunguza.

Mkorogo pia unaingia hapa. Krimu nyingi za kujichubua huwa na klobetasoli au betamethasoni, nazo ni ndugu wa prednisoloni, tena bila kuandikwa kwenye kopo. Ikipakwa mwili mzima kila siku, inapenya ngozini na kuizima pituitari sawa na kidonge. Vidonge vya deksamethasoni vinavyouzwa kichochoroni vya kunenepesha mwili hufanya hivyo hivyo. Binti anakuja uso umeviringa, tumbo limetanuka, michirizi ya zambarau mapajani, sukari juu. Ukipima kotisoli yake unaikuta iko chini. Anayeijua swichi ya boya hashangai: krimu imejaza tangi, mwili umeacha kupampu, na kipimo kwa kawaida hakiisomi ile ya krimu. Msimwambie atupe kopo leo hii na aende zake. Muulizeni kwa upole anapaka nini na tangu lini, kwa sababu akifokewa hatasema, na asiposema anaweza kufa kwenye meza ya upasuaji wa kawaida tu. Aachishwe akiwa amefunikwa na haidrokotisoni, huku kotisoli ya asubuhi ikipimwa mpaka irudi.

Upande wa kuzidi, uvimbe unaoonekana zaidi ni ule wa prolaktini. Si saratani. Mwanamke anakosa hedhi na maziwa yanatoka hali hana mtoto. Mwanamume anakosa hamu na nguvu, na mara nyingi huchelewa kuja kwa haya. Kabla ya kufikiria uvimbe, pimeni mimba, ulizeni dawa zote, na pimeni TSH, maana upungufu wa thairoidi nao huipandisha prolaktini. Prolaktini ikivuka nanogramu 200 kwa mililita, uvimbe unakuwa jibu la karibu. Habari njema ni kwamba uvimbe huu kwa wengi husinyaa kwa vidonge: kabagolini miligramu 0.25 hadi 0.5, mara moja au mbili kwa wiki, au bromokriptini kila siku pamoja na chakula. Kisu si chaguo la kwanza. Mwambieni mama huyo pia kuwa anaweza kushika mimba kabla hata ya kuona hedhi ya kwanza.

Uvimbe wa aina yoyote ukikua kwenda juu unagusa mahali neva za macho zinapopishana, na mgonjwa anapoteza kuona pembeni, kushoto kwa jicho la kushoto na kulia kwa jicho la kulia. Anasoma vizuri ubaoni, ila anagonga fremu za milango na haoni bodaboda inayotokea kando. Kipimo chake ni mikono yako. Keti mbele yake, mita moja, magoti yakitazamana. Afunike jicho la kulia, wewe funika lako la kushoto, kila mmoja atazame jicho la mwenzake lililo wazi. Nyoosha mkono upande, katikati yenu, ukitikisa kidole, ukilete polepole ndani. Mnatakiwa mkione karibu pamoja. Ukikiona wewe na yeye anangoja mpaka kimekaribia pua, andika. Badilisha jicho. Dakika mbili zimetosha. Maumivu ya kichwa ya ghafla, makali mno, pamoja na kutapika na macho kufifia au kope kuanguka, ni damu imevujia ndani ya uvimbe. Huyo apewe haidrokotisoni miligramu 100 na aondoke kwa gari siku hiyo.

Homoni ya ukuaji ikizidi kwa mtoto humfanya jitu. Robert Wadlow wa Marekani alifika mita 2.72 kabla ya kufariki mwaka 1940 akiwa na miaka 22. Kwa mtu mzima mifupa mirefu imefunga, hivyo hukua mikono, miguu na taya: pete haivuliki, viatu vinabadilishwa namba, meno yanaachana. Ikipungua, mtoto anadumaa, na chati ya ukuaji kwenye kadi ya kliniki ndiyo itakayosema. Vasopresini ikikosekana, mtu hukojoa lita 3 mpaka zaidi ya 10 kwa siku, mkojo mweupe kama maji ya bomba, na kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha hakuna sukari. Msimnyime maji ya kunywa mkidhani mnampunguzia mkojo. Atakauka na sodiamu itapanda ndani ya saa chache.

Mkishamshuku mgonjwa wa namna hii, barua ya rufaa isiseme "udhaifu wa mwili, kwa uchunguzi zaidi". Andikeni mwaka wa uzazi wa mwisho na damu iliyopotea kwa makadirio, kama aliongezewa, kama maziwa yalitoka, tarehe ya hedhi ya mwisho, shinikizo akiwa amelala na akiwa amesimama, sukari, dawa zote na krimu zote, majibu ya kipimo cha kuona pembeni, na kama mmempa haidrokotisoni, ni miligramu ngapi na saa ngapi. Ikiwa mmempa, atakayempokea anapaswa kuijua saa hiyo kabla hajachukua damu ya kotisoli.